Karatasi Kwenye Platine za Papa

Kijana aliyekuja kutazama gari la mwanangu, hapa Lubumbashi, alifungua kapo, kile kifuniko cha injini, akachomeka waya kwenye kimashine chake, akasoma, akafunga. Nikamuuliza kama anazijua platine. Alinitazama kwa adabu, kama tunavyotazamwa sisi ambao vijana wanatuita Mama na Papa hata kama hatukuwazaa, akasema, "Platine? Hapana, Mama. Hiyo sijawahi kuiona." Alipoondoka nilibaki uani peke yangu, na pua yangu ikaniletea harufu ya petroli na grisi na kile kifuniko cheusi cha delko kinapopata moto kwa jua la Kalemie. Ndiyo iliyokuwa harufu ya Papa kila Jumapili mchana, akitoka chini ya kapo kuja mezani, na Mama akimrudisha akanawe tena.

Wengi wa umri wangu mtakuwa mmezisahau. Platine zilikuwa vichwa viwili vya chuma, kila kimoja kama punje ya mtama, ndani ya delko, kile kikopo kinachogawa moto wa injini, vikikutana na kuachana kadiri injini inavyozunguka. Kila vikiachana, moto unaruka kwenye bugi, zile plagi, na gari linaendelea. Vikichafuka au vikiungua, gari linakohoa, halafu linanyamaza. Kwa hiyo kila baada ya majuma machache ilibidi mtu azifungue, azisugue kwa tupa ndogo na apime upya nafasi iliyo katikati yake. Papa hakungoja majuma. Alizitazama kila Jumapili baada ya misa.

Alikuwa mtunza magazini, yaani bohari, ya reli, mtu mrefu wa maneno machache. Gari lenyewe, la rangi ya chai ya maziwa, alilinunua kwa Mgiriki mmoja mchuuzi wa samaki aliyekuwa anarudi kwao, na lilikuwa zee tayari siku ile lilipoingia uani kwetu Kalemie, ng'ambo ya mto Lukuga. Mimi nilikuwa binti yake wa pekee, na kazi yangu Jumapili ilikuwa kuzungusha maniveli, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, polepole mpaka aseme "Hapo!" Kisha nilikimbia kuchungulia. Nilipenda kuona vile vichwa viwili vikifunguka. Nilidhani gari lina jicho humo ndani na kwamba linapepesa.

Akimaliza kusugua, alichana ukingo wa daftari langu la zamani, akapitisha kipande cha karatasi katikati ya platine, akakivuta taratibu. Kilitoka cheusi. Akapitisha kingine, na kingine, mpaka kimoja kitoke cheupe.

"Angalia muzuri, Mama," aliniambia. Aliniita Mama kwa sababu jina langu ni la Nkambo, bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Moba, safari ya kutwa kwa meli ya ziwani. "Karatasi isibakie ndani. Hata unywele mumoja ukibakia hapa, moto haupite. Utapiga maniveli mpaka uchoke."

Maneno hayo niliyaweka moyoni kama mtoto anavyoweka kila kitu, bila kujua yatatumika wapi.

Mama alikuwa mshonaji. Sare za nusu ya darasa letu zilipita mikononi mwake, pale kwenye baraza, na cherehani yake niliisikia hata nikiwa mbali njiani natoka shule. Alipenda kumtania Papa. "Motokari hiyo ungeitolea mahari," alisema, "ningejua niko mke wa pili." Papa alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Lakini mwaka mmoja, mvua zilipoanza, utani ukakoma. Mama alikuwa mkali kwa vitu vidogo: uzi ulioanguka, mlango ulioachwa wazi. Nikiingia chumbani walikokuwa wanazungumza, walinyamaza. Mara moja nilimkuta Papa amemshika Mama mkono, na Mama akauvuta akageukia dirisha. Nilidhani wamegombana. Darasani kulikuwa na msichana ambaye mama yake alipanda treni kwenda Nyunzu kwa juma moja, akabaki huko huko. Alikuja shule nywele hazijasukwa. Nilianza kumtazama yule msichana zaidi kuliko nilivyotazama ubao.

Sikujua kwamba abiria wa meli walikuwa wanaleta habari za Nkambo. Mwili wake ulikuwa umevimba na hatoki kitandani. Wakubwa walikubaliana nisiambiwe kwa sababu nilibeba jina lake. Waliogopa nitatishika, nitadhani na mimi nitaugua. Kunificha kulitoka kwenye upendo mtupu. Nalisema hili bila lawama, kwa maana na mimi nimewaficha wanangu mengi.

Alasiri moja Mama Feza, jirani yetu, alikuja kuchukua gauni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango natafuta kiatu. Nikamsikia Mama anasema, kwa sauti ya chini sana, "Kesho meli inaenda Moba. Safari hii haiko ya kuenda na kurudi. Nitabakia mpaka mwisho."

"Na bwana yako anasema nini?"

"Amekubali. Atafanya nini?"

Mama Feza akasema, "Pole, ndugu yangu," akakunja gauni lake.

Mpaka mwisho. Mimi nilijua mwisho mmoja tu, ule wa katekisimu, mwisho wa dunia. Niliingia chumbani nikakuta sanduku la Mama limefunguliwa kitandani. Vitenge vyake vizuri vilikuwa humo, na mkasi wake wa kushonea, ule ambao hakuwahi kuutoa nyumbani. Nikawa na hakika kwamba anatuacha.

Papa alikuwa kazini. Siku zile za mvua alienda na treni ya huduma mpaka stesheni za karibu, na gari lilibaki uani. Kapo haikuwa na kufuli. Nilipanda juu ya tofali, nikafungua vile vibano viwili vya delko, nikatoa kifuniko na nyaya zake, nikatoa kile tulichokiita kidole. Mikono yangu iliijua kazi kabisa. Nilichana ukingo wa daftari, daftari langu jipya, nikaukunja mara moja, nikauingiza katikati ya platine. Nikarudisha kidole, nikarudisha kifuniko. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia na kwenda kumsaidia Mama kuchagua maharagwe. Nilikaa karibu naye sana mpaka akaniambia, "Sogea, unanikalia nguo."

Asubuhi tuliamka na manyunyu. Meli ilikuwa iondoke saa mbili. Saa moja Papa aliweka sanduku kwenye gari, na Mama akapanda mbele akiwa amepakata furushi dogo. Ndani yake kulikuwa na gauni jipya la kulalia alilomshonea mama yake, jepesi, la vifungo mbele, lisilomsumbua mgonjwa kuvaa. Hilo nililijua baadaye. Mimi nilikaa nyuma.

Gari halikuwaka. Papa alipiga maniveli, akapiga tena. Alidhani ni petroli. Akafungua kabureta, akapuliza, akarudisha. Akafuta bugi moja moja. Jasho na manyunyu vilichanganyika usoni kwake. Mama alianza kutikisa goti. "Papa, saa inaenda," alisema. Baadaye akasema tena, na safari hii sauti ilikuwa nyembamba. Ng'ambo ya Lukuga hapakuwa na gari lingine la karibu, na kwa miguu mpaka bandarini na sanduku, asingewahi.

Ndipo Papa akafungua delko. Nilikuwa nimeteremka, nimesimama kwenye tope karibu naye. Nilimwona anainama. Nilimwona mkono wake unasimama. Akaingiza vidole viwili, akavuta kitu, akakitazama. Ilikuwa karatasi nyeupe yenye mistari ya bluu, na mwandiko wangu ukingoni, tarakimu mbili za hesabu. Papa aliinua macho akanitazama. Hakukunja uso. Aliitia ile karatasi kwenye mfuko wa koti lake la abakosti, akafunga delko, akapiga maniveli mara moja. Gari likawaka.

"Ilikuwa nini?" Mama aliuliza.

"Platine," Papa alisema. "Zilikuwa chafu. Kosa ni yangu."

Hajawahi kuendesha gari vile, kabla wala baada. Tulivuka daraja watu wakiruka pembeni. Tulipofika bandarini, meli ilikuwa imeshaachana na gati, karibu kiasi kwamba niliona mwanamke sitahani anafungua mwavuli. Mama alikimbia mpaka ukingoni na furushi lake. Hakupiga kelele. Alisimama pale, mgongo kwetu, mpaka meli ikawa ndogo, na Papa alisimama nyuma yake bila kumgusa. Mimi nilikuwa kwenye gari na nilikuwa na furaha. Nakumbuka wazi furaha hiyo, na ndiyo sehemu ya habari hii ambayo bado inanitia aibu.

Siku ya tatu katekista alikuja na ujumbe uliofika kwa foni, redio ya mawasiliano ya misioni. Meli ile iliingia Moba jioni ile ile. Nkambo alikufa kesho yake mchana. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua na hapakuwa na meli nyingine. Wakamzika bila Mama. Nilimsikia Mama akilia kwa sauti ambayo sikujua mtu mzima anaweza kuitoa, na majirani wakaingia, na mtu fulani akanisukuma nje. Nilikwenda kukaa kwenye gari. Baada ya muda Papa akaja, akakaa kwenye usukani, akafunga mlango.

"Kwa nini, Mama?" aliniuliza.

"Alisema anaenda kubakia Moba mpaka mwisho."

Papa aliweka kichwa kwenye usukani. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Mwisho wa Nkambo, mutoto wangu. Alikuwa anasema mwisho wa Nkambo." Akanieleza yote, kuvimba, kitanda, na kwa nini walinificha. Alinivuta karibu, abakosti yake ikiwa na unyevu.

"Usimwambie," alisema. "Acha alie kwanza. Kama kuna muntu wa kukasirikiwa, mimi ninaweza. Wewe ungali mudogo."

Akakasirikiwa. Habari zaidi zilipofika, zilikuja na jambo baya kuliko yote. Nkambo aliuliza kama meli imefika. Wakamwambia ndiyo, imefika. Akauliza, "Na muntu wangu?" Mama alimkariria Papa maneno hayo mara moja, mezani, polepole, kisha hakuzungumza naye tena isipokuwa kupitia kwangu. "Mwambie Papa yako chakula iko mezani." "Mwambie Papa yako mafuta ya taa imeisha." Gari hakulipanda tena. Alibeba mabunda ya sare kichwani, akavuka daraja kwa miguu. Papa naye akaacha kulipanda. Asubuhi niliwaona barabarani, Mama mbele na Papa hatua kumi nyuma, na mara nyingine Papa alimfikia, akautwaa mzigo kichwani kwake bila neno, na Mama akauachia bila kumtazama. Jumapili Papa aliendelea kufungua delko. Hakuniita tena kuzungusha maniveli. Alizungusha mwenyewe, akazunguka gari kwenda kuchungulia, akarudi, akazungusha tena. Nilimtazama dirishani.

Hivyo ndivyo zilivyokwisha mvua. Kiangazi kilipoingia, mjomba aliandika kutoka Moba kwamba wataondoa matanga, na Mama akaanza kujiandaa. Alikuwa kwenye cherehani barazani, anashona kitambaa cheusi, Papa aliposimama mbele yake.

"Nitakupeleka bandari," alisema.

Mama alimjibu moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu mvua. "Nitaenda na miguu. Motokari yako ilishanionyesha."

"Njo haki yako," Papa alisema, yaani ndiyo haki yake, kwa upole kabisa, na akageuka aende.

Ni upole ule ulionishinda. Kama angejitetea hata kidogo, huenda ningenyamaza mpaka leo.

"Haiko Papa!" nilipiga kelele. "Njo mimi! Niliweka karatasi kwenye platine!"

Cherehani ikasimama. "Karatasi gani?" Mama aliuliza. Nikamweleza yote, mlango, kiatu, Mama Feza, tofali, daftari. Nilisema haraka nikilia na sijui alielewa kiasi gani. Nilipofika kwenye "mpaka mwisho" aliweka mkono mdomoni. Nilingoja kofi. Badala yake alimgeukia Papa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu pale pale nilipofungua delko."

Mama alisimama, kitambaa kikaanguka. "Ulifikiri nitamufanya nini mutoto? Nitamuua?"

"Nilifikiri utamutazama vingine."

"Mimi? Mimi njo nilimuzaa!" Kuku wa Mama Feza walitawanyika. "Miezi yote hii umeniacha ninakuchukia bure! Mama yangu amekufa, na wewe njo muntu ningemulilia, na ulikuwa pale pale, na nilikuwa ninalia peke yangu kama mujane!"

Sidhani kama Papa alikuwa amewahi kuliwaza hilo. Alidhani amebeba mzigo peke yake, kumbe alikuwa amemnyang'anya Mama bega la kulilia. Nimeolewa, nimefiwa, nimefikisha umri ule wa Papa na kuupita, na bado sijui kama alifanya vema au vibaya. Najua tu kwamba alipiga hatua mbili kumwendea Mama, wakashikana pale barazani mchana kweupe, jambo ambalo watu wa rika lao hawakulifanya mbele ya mtoto, na kwamba Papa ndiye aliyelia zaidi.

Baadaye Mama alijifuta uso kwa kile kitambaa cheusi. "Nionyeshe hicho kitu," alisema.

Tulikwenda kwenye gari watatu. Papa alitoa kifuniko, akatoa kidole, akaniambia, "Zungusha." Nikazungusha. "Hapo!" Mama aliinama, macho yaliyozoea tundu la sindano, akatazama vile vichwa viwili vilivyofunguka nafasi ya unene wa ukucha.

"Hiki tu?"

"Hiki tu."

Alitazama muda mrefu. "Kile cha chini kimeungua upande," alisema. "Huoni? Unasugua vibaya, unakisugua kikae mushazari." Papa akainama kando yake. Ilikuwa kweli. Alimpa tupa, na Mama akasugua, kidogo kidogo, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo kama alipokuwa anafumua ushonaji wa mtu mwingine.

Jioni, akinisuka nywele, Mama aliniambia tu, "Utaenda na mimi Moba. Utamwambia mwenyewe."

Papa alitupeleka bandarini, Mama amekaa mbele. Njia yote ya ziwani sikutapika wala sikulala. Nilikuwa natafuta maneno, na kila niliyoyapata yalinitoroka tukiyumba. Sikuwahi kumwogopa Nkambo alipokuwa hai. Mara mbili tulizomtembelea alinipa karanga kutoka mfuko wa gauni lake. Sasa nilimwogopa.

Asubuhi ya pili, kabla ya misa ya matanga, Mama aliniongoza makaburini, sisi wawili tu. Kaburi lilikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa na msalaba wa mbao. Mama alipiga magoti, akaondoa majani makavu kwa mkono.

"Mama," alisema, "mutoto wako amekuja. Ana neno."

Nilisema. Nilisema nilisikia vibaya, kwamba niliweka karatasi, kwamba meli ilienda bila Mama, kwamba Papa hakukosa. Sauti yangu ilikuwa ndogo na upepo wa ziwani ukaichukua. Nilipomaliza hapakutokea kitu. Mjusi alipita juu ya jiwe.

"Mimi nilishamusikiliza," Mama aliliambia kaburi. "Na wewe umusikilize. Hakutaka nipotee, njo hivyo tu." Kisha akakaa kwenye vumbi na nguo zake nyeusi, akanivuta katikati ya magoti yake.

"Amekasirika?" nilimuuliza.

Mama alifikiri kwanza, kwa dhati. "Hapana. Angekasirika ningejua. Alikuwa mukali kuliko mimi." Na akacheka, cheko fupi lililomshtua mwenyewe, na machozi yakafuata nyuma yake. Tulikaa mpaka kengele ikalia. Akasimama, akakung'uta gauni lake, akakung'uta la kwangu.

"Twende tukale," alisema. "Wamechinja mbuzi, na wajomba zako hawatatubakizia."

Tuliteremka kwenda nyumbani kwa Nkambo kwa kinjia chembamba cha nyasi. Halikupita gari hata moja pale, wala lisingeweza, lakini Mama alinishika mkono kwa nguvu njia yote, mpaka vidole vikaniuma, na sikuuvuta.